Taka za Kielektroniki Dar es Salaam: Nani Atanunua Kichogo?

Wahariri waliniomba niandike somo linalohusu fani yangu, yaani uhandisi wa mazingira, kwa lugha ambayo hata anayesoma sheria au uuguzi ataielewa. Nimechagua taka za kielektroniki: simu, TV, kompyuta, friji, betri na nyaya zake, zikishaharibika na kutupwa. Zinatuhusu sana sisi tulio huku Uingereza, maana ndio tunaofunga mapipa na maboksi ya kwenda nyumbani. Hilo nitalirudia mwishoni.

Swali la somo ni hili. Tuseme jiji la Dar es Salaam limekupa kazi ya kubuni mfumo wa kusimamia taka hizi. Ungeanzia wapi? Nikiwauliza wenzangu chuoni wengi hujibu: weka masanduku ya kukusanyia, jenga kiwanda, tunga sheria kali. Majibu hayo si mabaya, lakini yote yanaruka swali la kwanza: nani analipwa, na analipwa kwa kufanya nini? Mimi naamini mfumo wowote usiojibu swali hilo utakufa, hata ukizinduliwa kwa ngoma na matarumbeta.

1. UKUBWA WA TATIZO

Ripoti iliyotolewa mwaka 2024 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya ITU na UNITAR inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022. Zilizokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi zilikuwa asilimia 22.3 tu. Ulaya kila mtu alizalisha wastani wa kilo 17.6. Afrika ni kilo 2.5 kwa kila mtu, lakini zinazokusanywa rasmi kwetu hazifiki hata asilimia moja.

Mtu anaweza kusema kilo mbili na nusu ni kidogo, tuna matatizo makubwa zaidi. Haya, tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar es Salaam. Zidisha kwa 2.5, unapata tani zaidi ya 13,000 kwa mwaka, yaani tani 36 hivi kila siku. Hayo ni karibu malori manne ya tani kumi, kila siku inayokwenda kwa Mungu. Na wastani huo ni wa bara zima, pamoja na vijiji visivyo na umeme. Mtu wa mjini ana vifaa vingi kuliko hivyo.

Ndani ya taka hizo kuna vitu vya aina mbili. Kuna vyenye bei: shaba, aluminiamu, chuma, na dhahabu kidogo iliyomo kwenye bodi za simu na kompyuta. Halafu kuna visivyo na bei ila vina sumu. Kioo cha TV za zamani, zile tunazoziita TV za kichogo, kina madini ya risasi, na TV moja inaweza kuwa na kilo nzima au zaidi. Taa za ndani za TV bapa za mwanzo zina zebaki. Plastiki nyingi zimewekwa kemikali za kuzuia moto. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama. Inaharibu ubongo wa mtoto, na ubongo ukishaharibika haurudi.

Kumbukeni makundi hayo mawili, chenye bei na kisicho na bei. Somo lote limesimama hapo.

2. DAR TAYARI INA MFUMO

Kosa la wataalamu wengi ni kudhani kwamba kwetu hakuna mfumo. Upo, na kwa upande mmoja unafanya kazi kuliko wa Ulaya. Huku simu ikipasuka kioo mtu anaitupa kwenye droo na kununua nyingine. Kariakoo simu haifi siku moja. Fundi atabadilisha kioo. Ikishindikana atachukua spika aiweke kwenye simu nyingine, halafu sehemu ya chaji, halafu kamera. Kimazingira, kutengeneza ni bora kuliko kuyeyusha. Kwa hiyo fundi wa Kariakoo ni mtu wa kwanza katika mfumo, hata kama hajui kwamba anaitwa mdau wa mazingira.

Baada ya fundi anakuja mnunuzi wa skrepa. Mtoto wa mjomba wangu anafanya kazi hiyo Buguruni. Ana mizani, ana vijana wawili wenye mkokoteni, na ananunua kwa kilo. Nilipokuwa naandaa somo hili nilimpigia simu anieleze kinachotokea TV ya kichogo ikifika kwake.

"Dada, kichogo chenyewe hakina mnunuzi," akaniambia. "Natoa ile koili ya shaba shingoni, natoa nyaya, natoa chuma. Kioo kinabaki."

"Kinabaki wapi?"

"Hapohapo uani. Kikijaa tunakipeleka jalalani."

Nikamuuliza na nyaya je, mnachoma? Akasema wakati mwingine wanachoma. "Moshi najua si mzuri, dada, mimi si mtoto. Ila shaba safi ina bei yake, na waya wenye plastiki una bei yake ya chini. Waya mnene nitaumenya kwa kisu. Zile nyembamba nitamenya mpaka lini?"

Mtoto wake ana miaka minne na anacheza uani hapohapo.

Ukimsikiliza vizuri, ndugu msomaji, huyu bwana hana upungufu wa elimu ya mazingira. Ukimpelekea semina na fulana yenye maandishi atakushukuru, na kesho atafanya vilevile. Anatenda kulingana na bei: shaba ina mnunuzi, kwa hiyo inafika kiwandani. Kioo hakina mnunuzi, kwa hiyo kinabaki pale mtoto anapochezea. Na waya unachomwa kwa sababu soko linalipa zaidi uliochomwa.

Hasara ya kuchoma inakwenda mbali kuliko uani. Waya wenye plastiki ya PVC ukichomwa unatoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo zinaingia kwenye udongo, kuku anadonoa, zinaingia kwenye yai. Mwaka 2019 mashirika ya IPEN na Basel Action Network yalipima mayai ya kuku waliofugwa eneo la Agbogbloshie, Accra, ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi. Yalisema mtu mzima akila yai moja tu anapata dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachovumiliwa na mamlaka ya chakula ya Ulaya. Yai moja!

3. KWA NINI SANDUKU NA MARUFUKU HAVITOSHI

Tuangalie walioanza kabla yetu.

China, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifanya majaribio kwenye miji ya Qingdao na Hangzhou. Mipango rasmi ya uchakataji ikakosa mzigo. Sababu ni nyepesi: wachuuzi walikuwa wanagonga mlangoni na pesa mkononi, na hakuna mama wa nyumbani atakayekataa pesa ili apeleke friji bure. Mwaka 2009 serikali ikabadili mbinu. Ukirudisha kifaa kikuukuu ulipata punguzo la asilimia 10, kwa kiwango maalum, unaponunua kipya. Mpango ulidumu hadi 2011 na mzigo ukamiminika. Watu walikuwa walewale, kilichobadilika ni malipo.

Ghana ilijaribu njia zote mbili. Mwaka 2016 ilipitisha sheria yenye tozo kwa vifaa vinavyoingia nchini. Pia mradi uliofadhiliwa na Ujerumani ulijaribu kuwalipa wakusanyaji wanaopeleka nyaya ambazo hazijachomwa. Lakini Julai 2021 eneo la skrepa la Agbogbloshie likavunjwa kwa matingatinga. Wale vijana hawakuyeyuka hewani. Walitawanyika sehemu nyingine za mji na kazi ikaendelea, sasa ikiwa vigumu zaidi kuifuatilia.

Na sisi tunao mfano wetu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Sibishani na uamuzi huo, simu bandia zina madhara yake. Nauliza tu kama mhandisi: asubuhi ya tarehe 17 mwenye simu iliyokufa alikuwa na mahali gani mtaani kwake pa kuipeleka, pakiwa na mtu wa kuipokea na kumpa chochote? Amri moja inaweza kuzalisha taka kwa usiku mmoja. Mahali pa kuzipokea panatakiwa pawe tayari kabla ya amri.

4. MFUMO NINAOUPENDEKEZA

Hatua ya kwanza: anza na waliopo. Waandikishe mafundi na wanunuzi wa skrepa, usiwaondoe. Mnavikumbuka vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018? Pamoja na kasoro zake, machinga wengi walivichukua kwa sababu vilikuja na ahadi ya kutosumbuliwa. Somo ni kwamba mtu anakubali kuandikishwa akiona amani na faida. Akiona ni mtego atakimbia.

Hatua ya pili: vituo vya mizani. Viwe karibu na masoko ya skrepa, kama Buguruni, Tandale, Mbagala na Gongo la Mboto. Kwenye maduka makubwa ya kisasa mkokoteni hauingii. Kituo kinunue vitu vinne: TV ya kichogo ikiwa nzima na kioo chake, waya ambao haujachomwa, bodi ambazo hazijaguswa na asidi, na betri. Malipo yafanyike palepale kwa simu. Kwa njia hiyo mkusanyaji anapata pesa yake bila kuzungushwa, na jiji linapata kumbukumbu ya kila kilo.

Angalieni bei inavyofanya kazi hapo. Kituo hakishindani na mnunuzi wa shaba kwa kumpiga marufuku. Kinampa mtoto wa mjomba wangu sababu ya kutovunja kioo. Mashine ya kumenya nyaya ikiwekwa hapo kwa matumizi ya wote, shaba inatoka safi bila moto na kiberiti kinakosa kazi.

Hatua ya tatu: karakana za kuvunjia kwa mikono. Hapa tuna nafasi ambayo Ulaya hawana. Kufungua kifaa kwa bisibisi na kutenganisha kila kitu kwa mkono kunaokoa madini vizuri kuliko kusaga vyote kwa mashine, ila Ulaya mishahara ni mikubwa mno kwa kazi hiyo. Watafiti waliofanya kazi Bangalore, India, waligundua kwamba mafundi wa uani wanaotumia asidi walikuwa wanapata robo hivi tu ya dhahabu iliyomo kwenye bodi. Kiwanda kikubwa kama cha Umicore kilichoko Hoboken, Ubelgiji, kinapata zaidi ya asilimia 95. Jibu lao likawa kugawana kazi: vijana wafungue na kutenganisha, bodi zikusanywe na kuuzwa kwa kiwanda hicho, na pesa irudi kwa waliozikusanya. Mkusanyaji anapata zaidi na hashiki asidi.

Rwanda imeshaonyesha kwamba kwetu inawezekana. Kituo cha Bugesera kinapokea, kinatengeneza na kuvunja vifaa. Nairobi nako kuna WEEE Centre, iliyozaliwa mwaka 2012 kutokana na mradi wa kupeleka kompyuta mashuleni.

Hatua ya nne: mahali pa kisicho na bei. Kioo chenye risasi na plastiki zenye kemikali zinahitaji ghala lenye sakafu ya zege na paa, na baadaye shimo lililojengwa kitaalamu ili maji ya mvua yasipite. Dampo la Pugu Kinyamwezi si mahali pake. Sehemu hii haina faida hata ya senti, ni gharama tupu. Ndiyo maana kampuni binafsi ikiachiwa peke yake itachukua bodi na kukuachia vichogo.

5. PESA ZITATOKA WAPI

Uswisi walianza mapema. Tangu 1994 mfumo uitwao Swico umekuwa ukichukua ada ndogo mnunuzi anapolipia kompyuta mpya. Ada hiyo ndiyo inayolipia uchakataji wa kifaa kikishazeeka, na kukirudisha ni bure. Kenya imekwenda njia ya kumbebesha mzalishaji na mwagizaji jukumu hilo, kwa sheria ya 2022 na kanuni za 2024. Tanzania tunazo kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwa hiyo msingi wa kisheria upo.

Dar es Salaam ina bahati moja kubwa: bandari. Sehemu kubwa ya vifaa inapita mlango huo, na ni rahisi kuhesabu makontena kuliko kuhesabu nyumba. Nitatoa mfano kwa namba za kubuni, tuone mantiki tu. Tuseme kila TV inayoingia inalipiwa shilingi 5,000. Ikishakufa, 2,500 anapewa mkusanyaji anayeileta nzima, 1,000 inaendesha kituo, na 1,500 inalipia ghala la kioo. Kwa muuzaji wa Kariakoo tozo hiyo ni ndogo. Kwa kijana wa mkokoteni 2,500 ni tofauti kati ya kuvunja na kutovunja.

Sharti ni moja: pesa hiyo ikae kwenye mfuko wake, ikaguliwe, na kila mwezi ichapishwe imeingia kiasi gani na zimepimwa kilo ngapi. Ikichanganywa na mapato mengine ya serikali itaonekana kwenye bajeti na haitaonekana Buguruni.

6. PINGAMIZI

Rafiki yangu mmoja anayesoma uchumi alinibana kwa maswali mawili mazuri.

La kwanza, udanganyifu. Ukilipa kwa TV nzima, watu watajaza vyuma chakavu ndani ya maboksi ya TV, au wataleta vichogo kutoka mikoa mingine. Jibu langu: lipa kwa kifaa na kwa uzito pamoja, fungua vichache kwa bahati nasibu, na anayekutwa na hila afungiwe namba yake. Za mikoani zikija, sawa tu, hata watoto wa Morogoro wana ubongo.

La pili, mipaka. Dar ina halmashauri tano: Jiji, ambalo mpaka Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ikipanga bei yake, mzigo wote utakimbilia penye bei nzuri na kituo hicho kitafilisika. Hapa nakubaliana naye kabisa. Bei lazima iwe moja na msimamizi awe mmoja. Ni sehemu ngumu kuliko mashine zote nilizozitaja.

7. SISI TULIO HUKU

Sasa nirudi kwetu. Mkataba wa Basel wa 1989 unasimamia usafirishaji wa taka hatari baina ya nchi. Tangu tarehe 1 Januari 2025 marekebisho yake yanahusu taka zote za kielektroniki, ziwe hatari au zisiwe: haziruhusiwi kusafirishwa bila nchi inayopokea kutoa idhini kwanza. Kifaa kinachofanya kazi ni mali. Kisichofanya kazi ni taka, hata ukikifunga vizuri na kukiandikia jina la shangazi.

Kwa hiyo kabla hujapakia, washa. Laptopu iwake, ishike chaji, ifunguke. TV ionyeshe picha. Betri iliyovimba usiisafirishe kabisa, inaweza kuwaka moto njiani. Kibovu kiache hukuhuku, kwa sababu hapa tayari kimeshalipiwa. Kwa kanuni za Uingereza wazalishaji wanagharimia uchakataji, na tangu 2021 maduka makubwa ya vifaa hivi yanatakiwa kupokea kifaa cha zamani unaponunua cha aina hiyohiyo. Ukikipeleka nyumbani unahamisha kazi iliyolipiwa kuipeleka mahali ambapo hakuna aliyeilipia.

Najua wapo watakaosema, "Dada, nyumbani kuna fundi atakitengeneza." Kweli, kama kimeharibika kitufe au kioo. Basi mpigie fundi kwanza, mwambie ugonjwa wake, umuulize anakihitaji? Akisema ndiyo, nunua kipuri ukitume kikiwa kipya. Akisema hapana, umemwokolea nafasi uani.

Kwa kumalizia niwaachie maswali ya kujadili siku ya kikao chetu. (a) Kati ya tozo bandarini na ada dukani, ipi inafaa zaidi katika mji wako, iwe Kampala, Mombasa au Bujumbura? (b) Ni kitu gani kingine kisicho na bei kinachobaki mitaani kwenu, na nani angeweza kukinunua? (c) Kama halmashauri zote haziwezi kuanza pamoja, ungeanzia na ipi, na utazuiaje mzigo wote usikimbilie huko?

Wanaosoma sheria naomba waje na jibu la pili la rafiki yangu mchumi, maana mimi ujuzi wangu unaishia kwenye mizani. Nawatakia mitihani mema.